Baada ya Usiku wa Planter

Wengi waliowahi kulisikia jina la Robert Smalls wanamjua kwa usiku mmoja tu. Alfajiri ya tarehe 13 Mei 1862, akiwa mtumwa wa miaka 23, aliiondoa meli ya moshi iitwayo Planter kwenye gati la Charleston, South Carolina, maofisa wake wazungu wakiwa wamekwenda kulala mjini. Akaipitisha mbele ya ngome za jeshi la Kusini na kuikabidhi kwa wanamaji wa Kaskazini waliokuwa wameuziba mlango wa bandari. Kisa hicho ni kitamu, wala sitakinyima nafasi yake. Lakini mtu huyu aliishi karibu miaka 53 zaidi. Alifungua duka, akaingia kwenye kampuni ya reli, akatoa gazeti, akakaa kwenye baraza la jimbo na kwenye Bunge la Marekani. Alishinda, akanyang'anywa, akahukumiwa, akasamehewa, akarudi. Kadiri ninavyosoma habari zake ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba usiku ule haukuwa kilele chake.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1839 mjini Beaufort, katika kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba ya akina McKee, waliommiliki yeye na mama yake, Lydia. Alipotimiza miaka 12 alipelekwa Charleston akakodishwe. Utaratibu ulikuwa huu: mtoto anafanya kazi, ujira unakwenda kwa bwana, naye anaachiwa dola moja kwa wiki. Akahudumia mezani hotelini, akawasha taa za barabarani, kisha akashuka bandarini. Huko ndiko alikopata kusoma, kama kusoma ni kujua. Akawa kuli, akajifunza kushona matanga na kufunga kamba, akaingia melini, mwishowe akapewa usukani. Kazi ya rubani aliifanya yeye. Cheo na heshima ya rubani walibakiziwa wazungu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kati ya Kusini na Kaskazini vilipoanza mwaka 1861, Planter ilikodiwa na jeshi la Kusini kubeba askari, mizinga na barua. Smalls akaiendesha meli hiyo kila pembe ya bandari. Alijua mafungu ya mchanga yalipo, alijua mkondo unavyogeuka maji yakipwa, alijua mabomu ya majini yametegwa wapi kwa sababu alishiriki kuyatega. Alijua pia honi inayopigwa kila meli inapopita kila ngome. Yote hayo aliyajua kwa kuwatumikia watu waliopigana ili aendelee kuwa mali yao.

Hapo ndipo ninaposimama kila mara. Utumwa haukumpa Smalls elimu ile. Hakuna bwana aliyeketi kumfundisha, wala sitaki mtu atoke kwenye habari hii akidhani mateso ni shule nzuri. Aliichukua mwenyewe, kipande kwa kipande, pale ambapo hakuna aliyemdhania kuwa anachukua kitu. Mjomba wangu alishika usukani wa kivuko Ziwa Victoria kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na alikuwa akisema kwamba anayelijua ziwa ni yule aliyelitazama hata siku ambazo hakutakiwa kulitazama. Ninawaza maneno hayo ninapokutana na vijana walio kwenye kazi zisizowaheshimu, wanaoziendea kwa nusu ya moyo kwa kuwa faida ni ya mwingine. Siwalaumu. Ninatamani tu wajue kwamba mshahara una mwenyewe na kazi ina mwenyewe, lakini kile kinachoingia kichwani hakidaiwi na mtu.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kuondoka. Mwaka 1856 Smalls alimwoa Hannah Jones, mtumishi wa hotelini, naye pia mtumwa. Mtoto wao wa kike alipozaliwa, alizaliwa mali ya bwana wa Hannah. Smalls akaenda kuulizia bei, akatajiwa dola 800 kwa mama na mtoto. Kwa mtu anayeachiwa dola moja kwa wiki, hiyo ni miaka 15 na zaidi bila kula wala kuvaa, na katika muda huo bwana anaweza kuamua kuwauza kwingine. Alianza kuweka akiba. Ila mtu aliyepiga hesabu ya aina hiyo, akaona inavyotoka, hatazami tena bandari kwa macho ya jana.

Ule usiku wenyewe mnaujua, nitaupitia haraka. Smalls na mabaharia wenzake watumwa walikubaliana kwamba wakibanwa wataizamisha meli kuliko kurudishwa. Smalls alivaa kofia pana ya majani ya nahodha na kuiga namna alivyosimama. Wakapita kuwachukua wanawake na watoto mahali walipojificha. Walifika mbele ya Fort Sumter mnamo saa kumi na nusu alfajiri, honi ikapigwa inavyotakiwa, ngome ikawaruhusu. Bendera ya Kusini ikashushwa, shuka jeupe likapandishwa, na meli ya Kaskazini iliyokuwa karibu kufyatua ikazuia mizinga yake. Watu 16 walikuwa huru jua lilipochomoza. Pamoja nao walifikisha mizinga, kitabu cha ishara, na habari kwamba jeshi la Kusini limekihama kisiwa cha Cole's Island. Kwa maofisa wa Kaskazini, kile alichokuwa nacho Smalls kichwani kilizidi thamani ya meli.

Angeweza kuishia hapo. Alipewa dola 1,500 kama fungu lake la zawadi, akapelekwa Washington, na sauti yake ikawa miongoni mwa zilizoishawishi serikali ya Rais Lincoln kuwaandikisha Weusi jeshini. Desemba 1863, Planter iliposhambuliwa vikali na nahodha wake mzungu akakimbilia kwenye ghala la makaa, Smalls aliushika usukani na kuitoa meli salama, naye akafanywa nahodha wake. Mwaka uliofuata alikuwa Philadelphia, meli ikitengenezwa, siku moja akashushwa kwenye tramu kwa sababu ya rangi yake. Shujaa aliyeandikwa magazetini, katika mji wa Kaskazini, anaambiwa ateremke. Katika mji huohuo aliajiri walimu wamfundishe kusoma na kuandika, akiwa mtu mzima wa miaka 25, baba wa watoto.

Baada ya vita alirudi Beaufort. Uamuzi huu naupenda kuliko nilivyoweza kueleza kwa watu. Angeweza kubaki Kaskazini akila matunda ya jina lake, lakini alikwenda kuishi palepale alipozaliwa mtumwa, tena katika nyumba ileile ya bwana wake wa zamani, aliyoinunua ilipouzwa kwa sababu ya kodi isiyolipwa. Alifungua duka pamoja na mwenzake, Richard Gleaves, kwa ajili ya watu waliokuwa wanaanza maisha bila jembe wala sufuria. Alinunua jengo liwe shule ya watoto wa Weusi. Mwaka 1872 akaanza kutoa gazeti.

Mwaka 1870 aliungana na wanasiasa wenzake Weusi, wakiwemo Joseph Rainey, Alonzo Ransier na Richard Cain, kuanzisha kampuni iliyoitwa Enterprise Railroad. Reli hiyo ya maili 18, ambayo magari yake yalivutwa na farasi, ilipangwa kuunganisha magati ya Charleston na vituo vya reli kubwa ziendazo bara, ikibeba mizigo na abiria. Kati ya wakurugenzi wake wote, mzungu alikuwa mmoja tu. Bandari ile Smalls aliijua kwa mgongo. Alijua pamba inaposubiri gatini mtu anapoteza fedha, na alijua fedha hiyo humwangukia mwenye chombo cha kuihamisha. Miaka minane tu kabla ya hapo sheria ilimhesabu yeye mwenyewe kuwa mzigo. Sasa anakaa mezani na wenzake kujadili nauli za mizigo. Kampuni haikubaki mikononi mwao kwa muda mrefu, na habari zake ni chache kuliko zinavyostahili, lakini mimi naiona kuwa sehemu ya jambo lilelile la 1862. Watu wale waliona kwamba kura bila njia ya kupitishia mazao, bila duka, bila shule na bila gazeti, ni karatasi.

Kura yenyewe waliijenga pia. Mwaka 1868 wajumbe wa mkutano wa katiba ya jimbo walikutana Charleston, wengi wao wakiwa Weusi, Smalls akiwa mmoja wao. Alipeleka hoja jimbo liwe na shule za umma za bure kwa watoto wote, na katiba iliyotoka ilikuwa na mpango huo. Huyu alikuwa mtu aliyeanza kushika kitabu miaka minne tu kabla. Aliingia baraza la wawakilishi la jimbo, kisha seneti yake, na mwaka 1875 akaketi katika Bunge la Marekani.

Kisha upepo ukageuka, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike.

Kampeni ya mwaka 1876 South Carolina ilikuwa ya damu. Makundi ya wazungu wenye silaha, waliovaa mashati mekundu, yalizunguka kuwatisha wapiga kura Weusi. Chama cha mabwana wa zamani kikarudi madarakani, na jeshi la serikali kuu likaacha kuwalinda raia wale. Mwaka 1877 Smalls alishtakiwa kwamba alipokea rushwa ya dola 5,000 katika zabuni ya uchapishaji alipokuwa seneta wa jimbo. Shahidi mkuu alikuwa karani ambaye mwenyewe alituhumiwa kuiba fedha za umma. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akakata rufaa, na mwaka 1879 gavana akamsamehe, katika makubaliano ambayo pia yalifuta mashtaka ya wazungu waliotuhumiwa kuvuruga uchaguzi. Sitaki kumfanya malaika. Siasa za wakati ule zilikuwa na mikono michafu pande zote. Lakini mashtaka yanayofutwa kwa kubadilishana hivyo, kwangu, yalikuwa na kazi nyingine tofauti na kutafuta haki.

Mwaka 1878 alipoteza kiti chake. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi aliyofunguliwa na mtu aliyedai kuwa nyumba ile ya Beaufort ni yake. Smalls alishinda, na uamuzi huo uliimarisha hati za wengine wengi walionunua ardhi kwa njia hiyo wakati wa vita. Kwa hiyo mwaka ambao mlango wa siasa ulifungwa mbele yake, mlango wa nyumba yake ulibaki wake kisheria. Katika familia yake inasimuliwa kwamba bibi mzee wa akina McKee, akili zikiwa zimemchoka, alirudi akidhani bado ni kwake, naye Smalls akamkaribisha akaishi humo.

Alirudi bungeni mwaka 1882 na tena mwaka 1884, safari hii kwa jimbo la uchaguzi lililochorwa makusudi ili kura zote za Weusi zirundikwe mahali pamoja zisisumbue kwingine. Mwaka 1886 akashindwa, na hakurudi tena. Akawa mkuu wa forodha wa bandari ya Beaufort, kazi aliyoishika kwa miaka mingi kila chama chake kilipokuwa madarakani.

Halafu ukaja mwaka 1895. Benjamin Tillman, aliyekuwa gavana na sasa seneta, aliitisha mkutano mwingine wa katiba, huu wa mjini Columbia, na hakuficha lengo lake: kuwaondoa Weusi kwenye daftari la kura. Wajumbe walikuwa 160. Weusi walikuwa sita, watano kati yao kutoka kaunti ya Beaufort. Smalls alisimama katika ukumbi ule akijua matokeo kabla ya kufungua kinywa. Wenzake walipojadili kupiga marufuku ndoa kati ya wazungu na Weusi, alipendekeza kwamba mzungu yeyote anayekaa kinyumba na mwanamke Mweusi asiruhusiwe kushika cheo cha umma, na mtoto atakayezaliwa arithi jina na mali ya baba yake. Kila mtu mle ndani alielewa anazungumzia nani. Pendekezo halikuingia. Iliyopita ni kodi ya kichwa, na sharti kwamba mpiga kura asome au aeleze kifungu chochote cha katiba mbele ya ofisa ambaye ndiye anayeamua kama ameeleza vizuri, au awe na mali ya dola 300. Smalls alikataa kutia saini.

Nimejiuliza mara nyingi ilikuwaje kukaa kwenye kiti kile na kuona kazi ya 1868 ikivunjwa kifungu kwa kifungu, kwa utulivu, kwa utaratibu wa bunge, huku makarani wakiandika. Usiku wa Planter alikuwa na mke wake, watoto wake, bahari mbele yake na nafasi ya kufika. Columbia hakukuwa na mahali pa kufika. Wengi tunaweza kujikaza kwa saa chache tukiwa na matumaini. Watu wa namna hii wanaoendelea kuhudhuria vikao, kuandika hoja na kupiga kura ya hapana wakati wameshashindwa, wao ndio ninaowatafuta sasa ninapowasoma wakubwa wa zamani, kwa sababu wakati wetu nao hautuhakikishii kwamba tulichojenga kitabaki.

Alikufa tarehe 23 Februari 1915 huko Beaufort. Mwaka 2023 jeshi la majini la Marekani liliipa meli ya kivita jina lake. Kabla ya hapo iliitwa Chancellorsville, jina la vita vya 1863 ambavyo jeshi la Kusini lilishinda. Lakini katiba inayotumika South Carolina mpaka leo ni ileile ya 1895, ingawa imerekebishwa mara nyingi na vifungu vile vya kunyima kura havina nguvu tena. Ningeombwa kuwasimulia watoto habari za mtu huyu, ningeanza na Columbia na kuuacha usiku wa meli uje baadaye. Ningetaka wamwone kwanza akiwa na miaka 56, akisimama huku akijua kwamba kura hazimtoshi, akitoa hoja yake mpaka mwisho ili iingie kwenye kumbukumbu, kisha akirudisha kalamu bila kutia saini.