Kabla Hujatia Saini Fomu ya Bima

Tanga,
12 Machi 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako mguu umepona, jana alikuja kwangu mwenyewe bila mkongojo, na furaha yake ni kuwaambia watu kwamba Bodi ya Usajili wa Makandarasi imekusajili daraja la saba. Nami nimefurahi kusikia umepata kazi ya kujenga maduka pale Msamvu.

Hata hivyo, kuna sehemu ya barua yako imenikosesha raha. Unasema wakala wa bima amekushauri uandike nusu ya thamani ya vifaa vyako, na usigusie habari ya kuchimba karibu na ukuta wa jirani, ili ada ipungue. Unauliza kama kuna ubaya. Upo, tena mkubwa. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu ili uwe na karatasi hii mezani utakapokaa kujaza fomu.

Fidia huanza kuamuliwa siku unapojaza fomu, wakati stoo bado ina kufuli na ukuta bado umesimama. Kampuni ya bima haijafika saiti kwako. Inakujua kwa yale unayoyaandika, na kwayo inaamua ikupokee au ikukatae, na ikutoze kiasi gani. Kwa sababu hiyo unatakiwa useme kila jambo zito unalolijua, hata kama fomu haikuuliza. Ukificha, wanayo haki ya kukataa dai lako, na utakuwa umelipa ada bure. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Tuanze na vifaa. Chukua kalamu tuhesabu. Tuseme mashine ya zege, vaibreta, jenereta, kompakta na majukwaa ya chuma, vyote kwa bei ya leo ni shilingi milioni 40. Wewe ukaandika milioni 20. Usiku mmoja wezi wakavunja stoo wakabeba vya milioni 10. Utadhani utalipwa zote 10, maana hazijafika 20. Mtathmini wa hasara atakuambia ulikatia bima nusu ya mali, kwa hiyo nusu ya kila hasara ni mzigo wako. Utabaki na milioni 5, na humo watakata kile kiasi ambacho hati ya bima inakutaka ukibebe mwenyewe katika kila dai. Ada utakayookoa kwa kupunguza thamani ni ndogo mno mbele ya hizo milioni 5 zilizopotea.

Basi orodhesha kifaa kimoja kimoja, na namba yake, na risiti yake kama ipo. Uliza kama hati inalipa bei ya kifaa kipya au ya kilichotumika. Uliza pia kuhusu wizi, kwa sababu bima nyingi hutaka dalili ya kuvunja. Mashine iliyolala nje bila kufuli wala mlinzi, ikiondoka imeondoka.

Sasa njoo kwenye shimo la msingi, ambako ndiko moyo wangu uliko. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, wakafa watu zaidi ya 20, miongoni mwao wafanyabiashara waliokuwa wakitafuta riziki yao. Silitaji ili kumhukumu mtu. Nalitaja kwa sababu nawe unajenga katikati ya maduka yenye watu, na ukuta wa jirani uko hatua chache kutoka unapochimba. Ukipasuka, jirani hatahangaika na mwenye jengo peke yake, atakutafuta na wewe uliyeshika sururu.

Bima ya makandarasi ina sehemu mbili kubwa. Moja inalinda kazi yenyewe na vitu vilivyoko saiti. Ya pili inalinda dhima yako kwa watu wengine: mpita njia aliyeangukiwa na tofali, au duka la jirani lililoharibika. Lakini soma sehemu hiyo ya pili kwa makini. Hati za kawaida haziingizi madhara yanayotokana na mtikisiko, au na kuchimba mpaka jengo la jirani likakosa egemeo, isipokuwa umeomba na wamekubali kwa maandishi. Unaona sasa? Jambo ambalo wakala anataka ulinyamazie ndilo hasa unalopaswa kuliomba. Liandike kwenye fomu na ulipe nyongeza yake. Kabla jembe la kwanza halijagusa udongo, nenda na jirani mkague ukuta wake pamoja, mpige picha kila ufa uliopo, na wote wawili mtie saini.

Yapo ambayo bima hiyo haitayabeba. Ukuta uliojenga vibaya, gharama ya kuujenga upya ni yako. Vijana wako nao hawamo katika dhima kwa watu wengine. Wao haki yao iko kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008. Jisajili na uwachangie, vibarua pamoja nao. Kijana akianguka kutoka jukwaani, mkewe hatakula pole zako.

Angalia na muda. Bima ikiisha mwezi wa nane na kazi ikasogea hadi wa kumi, omba iongezwe kabla haijaisha. Uliza pia kama inaendelea katika kipindi cha matazamio, maana mwenye jengo bado atakuita hata baada ya kumkabidhi funguo.

Kuhusu mtu wa kukuhudumia, kumbuka kwamba wakala anaiwakilisha kampuni, na dalali wa bima anakuwakilisha wewe. Yeyote utakayemchagua, awe na leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na hati utakayopewa ihakiki kwenye mfumo wao. Lipa kwenye akaunti ya kampuni, upewe risiti. Bila ada kulipwa hakuna bima, hata kama wakala ni rafiki yako na amekuahidi kwa kiapo.

Siku ya tatizo, Mungu aepushe, ijulishe kampuni mara moja, kama ni wizi nenda polisi, na usiondoe kifusi kabla ya kupiga picha, ila kwa kuokoa mtu. Nenda kwa jirani ukampe pole na umsaidie kuokoa mali yake, huo ni utu. Lakini usiandike popote kwamba utamlipa kabla kampuni haijajua, kwa kuwa ahadi hiyo inaweza kukuharibia dai. Na wakikukatalia bila haki, ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Najua kinachokusukuma kubana ada. Ulipoomba kazi hukuiweka bima kwenye bei, na sasa inatoka kwenye faida yako. Safari hii ivumilie. Zabuni ijayo, iweke katika gharama za awali pamoja na uzio na stoo, ili mwenye kazi aibebe kama anavyobeba saruji.

Mwanangu, daraja la saba ni mwanzo. Makandarasi wengi wadogo wanazijua kazi zao vizuri, ila hasara moja tu inawarudisha kuwa vibarua. Sitaki ikukute na fomu yenye uongo mfukoni. Rudi kwa wakala, omba fomu mpya, ijaze kwa thamani kamili na shimo lako ndani yake. Ukimaliza, mpe mkeo aisome, kisha nitumie nakala kabla hujatia saini. Mungu akubariki kazi ya mikono yako.

Wasalaam,
Mjomba wako