Gari la Essen na gari la Garsen

Kila mwaka Novemba inapoelekea ukingoni, kumbi za maonyesho za Essen, Ujerumani, hujaa magari yaliyoshushwa hadi kidole hakipiti kati ya tairi na bodi. Maonyesho hayo yalianza mwaka 1968, na wanaofika hujipanga kutazama rimu zinazong'aa na ekzosi nene kama mtungi wa gesi. Mtu aliyekulia Garsen, Kenya, akiingia humo mara ya kwanza hushikwa na kicheko. Kwao gari hupelekwa kwa fundi likapandishwe. Anayetaka lake likaribie ardhi, fundi wa Minjila, jirani na Garsen, angemtazama mara mbili, kisha angemwomba alipe kabla kazi haijaanza.

Wa Essen na wa Garsen wote husema wanaliongezea gari uwezo. Uwezo upi, hapo ndipo wanapoachana.

Gari likishushwa, uzito wake hukaa chini, kwa hiyo halilali sana likikata kona kwa kasi. Kwenye barabara kuu za Ujerumani, ambako sehemu nyingi hazina kikomo cha mwendo, faida hiyo huonekana. Likishushwa kupita kiasi, springi hukosa nafasi ya kucheza, tairi zikaanza kurukaruka, na mwenye gari akawa amelipia tabu. Garsen mambo ni mengine. Barabara ya kwenda Witu na Lamu imetiwa lami miaka ya karibuni, lakini ukiiacha na kuelekea vijiji vya delta ya Tana unakutana na udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hunata kama ugali. Huko, sentimita tano za nafasi chini ya gari hufaa kuliko nguvu za farasi hamsini za ziada kwenye injini.

Mfano ulio karibu na kila mtu ni Probox. Toyota ilianza kuliuza Japani mwaka 2002 kama gari la kazi la makampuni, la kubeba sampuli na maboksi, na likapangiwa mzigo wa kilo 400. Likifika Kenya hupewa kazi nyingine kabisa. Abiria hubanana, nyanya na mkungu wa ndizi hupanda nyuma, na mtu wa mwisho huambiwa asogee kidogo tu. Fundi naye huweka springi nzito, huzipandisha kwa spesa, na huvua tairi ndogo za rimu ya inchi 13 akaweka kubwa zaidi. Gari linapanda kweli, na haligongi tena tumbo kwenye matuta. Kwa kazi hiyo fundi amestahili pesa yake.

Yaliyobaki hayaonekani kwa macho. Tairi ikizidi ya zamani kwa sehemu moja ya kumi ya kipenyo, mshale ukionyesha kilomita 80 kwa saa gari linakwenda 88. Nguvu ya mwendo haiongezeki kwa kiasi kile kile, huongezeka kwa mraba, kwa hiyo breki zile zile zina kazi ya kusimamisha asilimia 21 zaidi ya walivyokusudia waliozitengeneza. Tairi hiyo hiyo pia huifanya kila gia kuwa ndefu, na kwenye kilima au tope injini hujiona imepungukiwa. Springi nzito hubeba mzigo, lakini haziongezi unene wa beringi wala ukubwa wa breki. Ndiyo maana Probox lililopandishwa huonekana jasiri likiwa linakwenda, na hujulikana hali yake ng'ombe akikatiza njia.

Ughaibuni maswali kama hayo huulizwa na mtu mwenye karatasi mkononi. Ujerumani, hata rimu huhitaji hati inayothibitisha kwamba inafaa gari la aina hiyo, na badiliko lisilo na kibali laweza kulifutia gari ruhusa ya kutembea barabarani. Kila miaka miwili gari la kawaida hupelekwa kukaguliwa, TÜV ikiwa miongoni mwa wakaguzi wanaojulikana zaidi. Uingereza kuna mkono wa pili, wa bima. Mwenye gari aliyebadilisha springi au programu ya injini bila kuiarifu kampuni anaweza kunyimwa fidia siku ya ajali. Vijana wa Afrika Mashariki wanaohamia huko huona ni usumbufu mtupu, mpaka wanapotaka kuliuza gari na mnunuzi akaomba hati zote.

Kenya nayo si nchi isiyo na sheria. Gari likibadilishwa injini au bodi, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, hutakiwa kuarifiwa, na magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka. Badiliko lililojulikana kuliko yote nchini halikutoka hata kwa fundi, lilitoka serikalini. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, ziliagiza matatu zifungwe kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Muda si muda wakatokea mafundi wa kukizima kwa swichi ya siri. Huenda swichi hiyo ndiyo badiliko pekee la gari Kenya ambalo ufanisi wake hauna ubishi.

Na injini? Hapa Essen ina la kujivunia, lakini kwa nusu. Dizeli ya kisasa yenye turbo ikibadilishiwa programu inaweza kuongezewa nguvu ya kuhisika, kwa sababu kiwanda huacha akiba. Injini ya petroli isiyo na turbo, kama ile ya Probox, haina akiba ya namna hiyo. Kichujio cha hewa cha bei na ekzosi pana huiongezea kelele nyingi na nguvu kidogo. Land Cruiser za 1HZ, dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo ambayo polisi na mashirika ya misaada wameitumia miaka mingi nchini, zimewahi kufungwa turbo na wenye haraka. Zinakimbia, lakini joto likizidi bila dereva kuwa na kipimo cha kulitazama, kichwa cha injini hupasuka.

Kuna nyongeza isiyogharimu hata shilingi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo ikishuka kutoka huko hadi Garsen, karibu na usawa wa bahari, hupata hewa zaidi ya asilimia 15 kwa kila pumzi, joto la Tana likiwa limeshahesabiwa. Dereva anayesifu mafuta ya pwani au kichujio kipya mara nyingi anasifu mteremko.

Waswahili wa Muscat wanajua nyongeza nyingine kama hiyo. Kabla ya kuingia kwenye michanga ya Sharqiya, gari husimamishwa na tairi zote nne hupunguzwa upepo, hadi karibu nusu, ili zitandae na zisizame. Gari la milioni lenye tairi ngumu huzama, na la kawaida lenye tairi laini hulipita. Mchanga wa Kipini, mto Tana unapoingia baharini, haujali pasipoti, hutaka upepo upunguzwe vile vile, na kazi hiyo hufanywa kwa njiti. Kurudi lami bila kujaza tena ndilo kosa linalochana tairi, huko na huku.

Kipini pia ndipo hadithi ya gari huishia kwa anayekwenda Ozi. Kijiji hicho kiko kando ya mto, na mto wenyewe una fundi wake: katika karne ya 19, enzi za usultani wa Witu, ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha Tana na mto Ozi, na maji yakafuata njia mpya. Gari, liwe limeshushwa au limepandishwa, huachwa kivulini na mizigo ikahamia mashuani. Nahodha hana haja ya hati. Huinama akatazama maji yalipofika ubavuni mwa chombo, na yakikaribia ukingo, gunia moja la mchele hurudi bandani kungoja safari ya pili.