Kiangazi cha Nani?

Mwezi wa Oktoba binti yetu, aishiye Calgary, magharibi mwa Kanada, alitupigia simu. "Mama, mwambie Baba mje kiangazi kijacho. Tutakodi gari kubwa, tuingie milimani pamoja na watoto." Mume wangu alikuwa barazani akishona tanga, akasikia. Jioni ile ile, ufukweni Utende, akawatangazia wenzake kuwa tutasafiri Januari, kaskazi ikivuma.

Simlaumu. Amekuwa nahodha katika Ghuba ya Chole kwa zaidi ya miaka 40, na kwake majina ya majira si mapambo ya lugha, ni vyombo vya kazi. Masika ni mvua kubwa. Kipupwe ni ubaridi wa Juni hadi Agosti, kusi ikitawala bahari. Vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka. Kiangazi ni jua kali linalofuata, Januari na Februari. Binti yetu alikusudia Julai. Yaani kile akiitacho kiangazi, babake hukiita kipupwe. Lau tusingeligundua mapema, tungalishuka Calgary katikati ya theluji, mimi na kanga zangu.

Wapo wanaosema "majira ya joto". Ni jina zuri, lakini mchana wa Julai kule Jasper huwa nyuzi 22 hivi, na usiku hushuka chini ya 10. Hata kipupwe chetu hakijafikia ubaridi huo. Katika daftari la safari nikaandika tu "Julai", na chini yake "sweta".

Daftari hilo nilikabidhiwa mimi, kwa kuwa ndimi mwalimu. Siku mbili za mwanzo tutakuwa Banff, hifadhi ya kwanza ya taifa ya Kanada, iliyoanza mwaka 1885. Siku ya tatu ni Lake Louise. Kutoka hapo kwenda Moraine Lake magari binafsi hayaruhusiwi tangu 2023, hivyo tiketi za basi sharti zikatwe mapema. Kisha tutashika barabara ya Icefields Parkway, kilomita 230 hivi hadi Jasper, tukipita karibu na barafu ya Athabasca, inayozidi kupungua kama ile ya Kilimanjaro. Sehemu ya mji wa Jasper iliteketea kwa moto wa msituni Julai 2024, kwa hiyo binti yetu ameweka njia ya pili, endapo moshi utatanda.

"Na huo mlima wao mrefu, waufikia Kilimanjaro?" aliuliza mume wangu. Nikamwambia kuwa Mlima Robson, mrefu kuliko yote katika Rockies ya Kanada, una mita 3,954. Kilimanjaro ina mita 5,895. "Basi twaenda kutazama nini?" Sikumjibu. Alikwisha kujua jibu: wajukuu wawili, wa miaka tisa na sita, ambao hatujapata kuwapakata.

Jumamosi moja nikamtumia mjukuu mkubwa ukurasa wa kwanza, atusomee kwa simu. Alisoma vizuri hadi pale nilipoandika, "Tutaondoka saa mbili asubuhi." Akanyamaza, kisha akauliza kwa Kiingereza kwa nini tuondoke usiku wa manane. Babu yake alicheka hadi akatokwa na machozi. Nami nikamkumbusha kuhusu Januari yake.

Saa ya Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza na linapokuchwa. Kwetu, karibu na ikweta, hesabu hiyo haiyumbi sana: saa kumi na mbili jioni, jua linazama. Jasper mwanzoni mwa Julai jua huzama kwenye saa nne usiku. "Kwa hiyo magharibi tutaswali saa nne?" mume wangu aliuliza. Ndiyo. Saa kumi na mbili ya huko si machweo tena.

Miaka yote darasani ningelikwisha kutia alama nyekundu kwenye makosa hayo mawili. Safari hii kalamu ilinishinda. Mzee alilielewa neno chini ya mbingu ya Chole, mtoto akalielewa chini ya mbingu ya Calgary. Dawa yao si sahihisho langu. Ni kuketi gari moja siku nane, mmoja akitaja, mwingine akiuliza. Ndiyo sababu nimetoa akiba yangu ya kiinua mgongo, na ndiyo sababu naogopa: viza bado hatujapata, na magoti ya nahodha hayatungoji.

Ukurasa wa mbele wa daftari nimeuandikia ubeti huu:

Kiangazi si kimoja, kila pwani ina chake,
Jua halichwi pamoja, kila anga saa yake,
Mjukuu nakungoja, neno langu ulishike,
Babu yako naye yuja, akifika umcheke.

Jumamosi iliyopita, kabla hatujaanza kusoma, mtoto alisema mwenyewe, polepole, kwa Kiswahili: "Babu, huko kwenu sasa ni saa tatu usiku."

Mume wangu akatazama nje, kwenye giza la ghuba. "Sahihi," akamjibu. "Na maji yanajaa."