Mwisho wa Mass Effect: mchezo uliosahau ulichochagua



Juma lililopita mama mmoja aliuliza kama michezo ya video inafundisha vijana kitu chochote. Nitajibu kwa mchezo mmoja tu, Mass Effect, kwa sababu mdogo wangu wa miaka 22 aliumaliza mbele yangu, na tulibishana siku tatu juu ya mwisho wake. (Si mchezo wa watoto. Marekani umewekewa alama ya miaka 17 na zaidi; wanaochezesha watoto wa miaka tisa kwa pesa wangeisoma alama hiyo.)

Ni hadithi ya sehemu tatu, iliyotengenezwa na kampuni ya BioWare ya Kanada na kutolewa 2007, 2010 na 2012. Unaongoza kamanda anayeitwa Shepard, mwanaume ao mwanamke, unavyotaka. Adui ni mashine kubwa sana, Reapers, zinazorudi kila miaka 50,000 kufagia mataifa yote ya anga. Kilichofanya watu waupende ni kwamba mchezo unakumbuka. Uliyemwokoa katika sehemu ya kwanza anakuja kukusaidia katika ya tatu. Uliyemwacha afe, hayupo.

Chukueni Krogan. Mataifa mengine yaliogopa wingi wao, yakawatia ugonjwa unaofanya karibu watoto wao wote wazaliwe wafu. Shepard anapohitaji askari wao, unaamua: utawaponya kweli, ao utawadanganya kwamba wamepona? Mdogo wangu aliweka mikono chini, akanitazama: « Yaya, ungefanya nini? » Nilimwambia mama hadanganywi juu ya tumbo lake. Aliwaponya.

Kisha kuna Quarian na Geth. Geth ni mashine ambazo Quarian walizitengeneza ziwafanyie kazi. Siku zilipoanza kuuliza kama zina roho, mabwana wao waliogopa, wakataka kuzizima. Vita vikaanza, Quarian wakashindwa, wakaishi ndani ya meli karibu miaka 300 kama wakimbizi. Katika sehemu ya tatu, kama tangu zamani ulichagua vizuri na kusikiliza pande zote mbili, unaweza kuwapatanisha, na Geth wanawakaribisha wenzao warudi nyumbani. Kama hukufanya hivyo, taifa moja linakufa mbele ya macho yako. Mdogo wangu aliwapatanisha. Alisimama akapiga makofi peke yake sebuleni.

Sasa mwisho. Shepard, karibu kufa, anakutana na akili inayotawala Reapers, yenye sura ya mtoto wa kiume. Inasema viumbe na mashine wanazozitengeneza wataangamizana siku zote, na ndiyo maana Reapers wanafagia. Inampa njia tatu. Aharibu mashine zote, na Geth wafe pamoja nazo. Ao azitawale Reapers. Ao achanganye viumbe vyote na mashine, wawe kitu kimoja.

Hapo ndipo ninakataa. Njia ya kwanza inaua watu uliowapatanisha masaa machache kabla. Ya pili ni ndoto ya mtu mbaya ambaye dakika hiyohiyo ulikuwa unamwambia amepotea. Ya tatu inabadilisha mwili wa kila kiumbe bila kumuuliza yeyote, ndani ya hadithi iliyotumia sehemu tatu kutufundisha kukaa na wasiofanana nasi. Zaidi ya yote, Shepard angeweza kujibu: « Unasema hawawezi kupatana, lakini tazama, leo wanapigana pamoja. » Katika mwisho ule wa kwanza mchezo haukumpa nafasi ya kusema hivyo. Kazi yake ya sehemu tatu ilikuwa imegeuzwa kuwa hesabu ya nguvu za jeshi.

Wachezaji walikasirika mwezi wa tatu 2012. Wengine walituma kwa BioWare keki ndogo karibu 400 za rangi tatu, nyekundu, buluu na kijani, zote ladha moja. Walichangisha pia dola zaidi ya 80,000 kwa ajili ya watoto wagonjwa, na hilo nililipenda kuliko makelele. Mwezi wa sita kampuni ilitoa nyongeza ya bure: maelezo zaidi, picha za maisha ya mataifa baadaye, na njia ya nne, kukataa yote. Ukikataa, mnashindwa, na Reapers wanamaliza kazi yao.

Mdogo wangu anasema ninadai sana. Kwake, sehemu ya tatu nzima ndiyo mwisho: Krogan waliopona, Quarian waliorudi kwao, hayo ndiyo majibu, na dakika kumi za mwisho ni kufunga mlango tu. Ana haki kwa nusu. Na huzuni si kosa. Hapa kwetu nani hajui kwamba anayeokoa wengine mara nyingi harudi nyumbani? Lakini darasani ninaona jambo hili kila mwaka: ukiwauliza wanafunzi wachague, kisha usitumie chaguo lao, mara ya pili wananyamaza. Ukiwaeleza kwa nini haikuwezekana, wanabishana nawe, na wanaendelea kuchagua. Akili ile yenye sura ya mtoto haikueleza. Ilitangaza tu.

Mwishowe alichagua kuharibu. Nilimuuliza, « Na Geth wako? » Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema angalau Krogan watazaa.