Z ya Zamani na Z ya Sasa

Akina mama wenzangu, mazungumzo ya magari huwa tunawaachia wanaume. Tunaandaa chai, tunaondoka. Siku hizi mimi nakaa nisikilize, kwa sababu baba watoto na kijana wetu wa kwanza wanataka kutumia akiba ya nyumbani kununua Datsun 240Z iliyochakaa, waitengeneze wenyewe.

Wengi wenu mmelisikia jina hilo kwa wazazi. Gari hilo lilitoka Japani mwaka 1969. Lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana pointi na Harry Källström, ikabidi itafutwe njia ya kumpata mshindi. Mashindano yalikuwa siku za Pasaka. Baba mkwe husimulia hadi leo walivyongoja kando ya barabara, vumbi hadi kwenye kope.

Gari lenyewe lilikuwa jepesi, kilo elfu moja na kidogo. Injini ya silinda sita, lita 2.4, kabureta mbili, nguvu za farasi 151 kwa hesabu ya wakati ule. Breki za mbele diski, za nyuma drumu. Dereva akikosea, hakuna wa kumsahihisha.

Nissan Z mpya iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 imechukua sura ya bibi yake, taa na mgongo ule ule. Ina lita 3, turbo mbili na nguvu za farasi 400. Uzito unakaribia kilo 1,600. Baba watoto anaona huo ni unene wa bure. (Viti ni viwili tu, kwenye la zamani na hili jipya pia. Nadhani mnajua nani atabaki nyumbani.)

Kama muuguzi, siwezi kuuita unene huo wa bure. Nimewapokea majeruhi waliogonga usukani kwa kifua, mbavu zimevunjika, pumzi inakuja kwa shida. Katika 240Z hakuna mfuko wa hewa. Katika gari jipya mfuko hufura kabla hujapepesa jicho, na sehemu ya mbele imeundwa ijikunje yenyewe ili mshindo usimfikie mtu wote. Breki zake haziachi magurudumu yakwame na kuteleza.

Lakini hata hilo jipya haliwezi yote. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kugonga huongezeka mara nne. Na asiyefunga mkanda anaweza kuumizwa na mfuko ule ule uliowekwa kumwokoa. Kijana wa miaka 22 mwenye farasi 400 mguuni hunitia hofu kuliko baba yake na kabureta zake mbili.

Basi nimetoa masharti. Fundi alilaze hilo la zamani aangalie sakafu na fremu, maana 240Z hujulikana kwa kutu. Mikanda ibadilishwe yote, iwekwe ya bega na kiuno. Karo ya muhula ujao ilipwe kwanza. Baba watoto amekubali. Kijana bado amenuna, na chai yake ameiacha ikapoa.