Wakati Uliopita wa Kilelengwani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Kilelengwani hupita Malindi, hufika Garsen, kisha huiandama barabara ya Lamu kwa kitambo kabla ya kuiacha na kuingia ndani ya delta ya Mto Tana. Tangu hapo lami hubaki nyuma. Ardhi ni udongo mweusi, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, na mwenye gari jipya hulionea huruma. Miembe, migomba na mashamba ya mpunga hufuatana, na hapa na pale huonekana njia pana zilizokanyagwa na ng'ombe hadi mtoni. Mahali washukapo ng'ombe kunywa, Waorma hupaita malka. Wapokomo hulima kando ya mto, Waorma hufuga, na wote wawili huuhitaji mto uleule katika miezi ileile ya ukame.

Wasomaji wetu wengi walilisikia jina la kijiji hiki kwa mara ya kwanza mwezi wa Septemba 2012. Tarehe 22 Agosti mwaka ule Waorma zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa Riketa. Tarehe 10 Septemba msiba ukaifika Kilelengwani: watu 38 waliuawa, 9 kati yao wakiwa askari polisi, na nyumba nyingi zikateketezwa. Serikali ikapiga marufuku kutembea usiku, na Rais Mwai Kibaki akaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Hatutayaeleza zaidi ya hayo. Waliofiwa pande zote mbili wangali hai, na jarida hili huingia majumbani mwao.

Sisi tulikwenda huko kwa ajili ya khitma, tukalala siku mbili. Katika nyumba tuliyofikia alikuwako binti aliyekuja likizo kutoka chuo kikuu nchini Uturuki. Wanafunzi wanaopewa ufadhili na serikali ya nchi ile aghalabu huanza kwa mwaka mzima wa kujifunza lugha, na binti huyu alikuwa ameumaliza mwaka wake. Baada ya Alasiri alitandika jamvi chini ya mwembe na kuwasomesha wadogo zake Kituruki. Hakukosa wanafunzi. Tamthilia za Kituruki zimeingia katika nyumba zetu kiasi kwamba hata kina mama waliokuwa wakipeta mchele pembeni walikwisha kujua kwamba *anne* ni mama, na *tamam* hawakuhitaji kufundishwa, kwani ni neno la Kiarabu ambalo na sisi tunalo. Uhusiano huo ni wa zamani. Askari wetu wanaposema "afande" wanatamka *efendi* ya Kituruki, na wengi wao hawana habari.

Somo la siku ile lilikuwa wakati uliopita.

Sisi Waswahili, na Wapokomo ambao lugha yao ni ndugu wa toka nitoke wa yetu, alama ya wakati huitia mbele, baina ya mtendaji na kitendo: a-li-soma, tu-li-soma. Mturuki huitia mkiani. Shina la kuja ni *gel*. Ukiongeza *di* umepata *geldi*, alikuja. Mtendaji naye hufuata nyuma kabisa: *geldim*, nilikuja, *geldin*, ulikuja, *geldik*, tulikuja, *geldiniz*, mlikuja, *geldiler*, walikuja. Kitendo kikikanushwa, *me* huingia katikati: *gelmedi*. Hapa Kiswahili kimemshinda Mturuki, kwa maoni yetu. *Gelmedi* yake peke yake haitofautishi hakuja na hajaja. Hulazimika kuongeza neno jingine ili kusema "bado". Mama anayemngoja mtu anajua umbali uliopo kati ya maneno hayo mawili.

Mkia huo haubaki *di* siku zote. Hufuata sauti ya irabu iliyoutangulia. Kuchukua ni *al*, basi alichukua ni *aldı*, kwa ile i isiyo na nukta, inayotamkwa nyuma ya kinywa. Kusoma ni *oku*, alisoma ni *okudu*. Kuona ni *gör*, aliona ni *gördü*. Na shina likiishia kwa herufi kavu kama k au t, d nayo hugeuka t: *baktı*, alitazama, *gitti*, alikwenda. Watoto walilalamika kwamba huu ni usumbufu wa bure. Binti akawauliza kwa nini wao husema "pikia" na "fungia", lakini hawasemi "somia" wala "endia", bali "somea" na "endea". Hawakuwa na jibu. Irabu ya shina huivuta irabu ya mkia hata kwetu, ila hatukuwahi kuitazama kwa sababu tulinyonya nayo. Na wanaosoma tenzi za kale za Amu wanajua kwamba hata alama ya wakati ilikuwa ikikaa mkiani zamani, katika vitenzi vinavyoishia kwa -ile na -iye. Kioromo, nduguye Kiorma, nacho hutia mkiani: *dhufe*, alikuja, *dhufte*, alikuja yule wa kike. Kwa hiyo kijana wa Kiorma anayepita na ng'ombe angeuelewa mpangilio wa Kituruki upesi kuliko sisi.

Kisha binti akasema kwamba Waturuki wana wakati uliopita wa pili, nao ndio uliotufanya tuweke tasbihi chini.

Ukisema *geldi*, umesema alikuja na wewe ulimwona, au una yakini naye. Kama hukumwona, umeambiwa tu, au umekuta viatu vyake mlangoni, husemi *geldi*. Husema *gelmiş*. Mkia *miş* (sh, si s) nao hufuata irabu: *almış*, *okumuş*, *görmüş*. Mtu akiamka akaona uwanja umelowa husema *yağmur yağmış*, mvua imenyesha, kwa kuwa aliona maji lakini mvua yenyewe hakuiona. Hadithi za bibi huko huanza kwa *miş*, kwa sababu msimuliaji hakuwako. Hata mtu hujisemea mwenyewe: aliyepitiwa na usingizi husema *uyumuşum*. Mama mmoja aliyekuwa akipeta akadakia, "Kumbe nimelala!" Kwa kweli hakuna tafsiri nzuri kuliko hiyo. "Kumbe" yetu, "ati" yetu, "yasemekana" yetu ndizo *miş* zetu. Tofauti ni kwamba sisi tukitaka twaziacha, na sarufi haitushtaki. Mturuki kila asimuliapo habari hana budi kuchagua mojawapo.

Jambo hili wanavyuoni wetu walilinukuu zamani sana. Mahmud al-Kashgari, aliyeandika kamusi yake ya lugha za Kituruki kwa Kiarabu katika karne ya 11, alikwisha kueleza kwamba *bardı* ni alikwenda mbele ya macho ya msemaji, na *barmış* ni alikwenda msemaji asipokuwapo. Wala si ajabu kwamba sikio la mwanachuoni wa Kiislamu liliinasa tofauti hiyo, maana elimu ya Hadithi imejengwa juu yake. Mpokezi anayesema *sami'tu*, nilisikia, hayuko daraja moja na anayesema *'an*, kutoka kwa fulani. Na *ruwiya*, imepokewa, ni daraja nyingine. Ibn al-Salah, aliyefariki mwaka 643 Hijria, amefunza kwamba Hadithi dhaifu isitajwe kwa kukata kauli kuwa Mtume (S.A.W.) alisema, itajwe kwa "imepokewa". Hiyo ni *miş* kwa Kiarabu.

Binti akawataka watoto kila mmoja atoe sentensi yake ya Kiswahili ili wote waitie katika Kituruki. Mmoja akasema bibi alipika wali. Mwingine akasema mamba alimchukua mbuzi. Mvulana wa miaka kama kumi, aliyezaliwa baada ya mwaka ule wa 2012, akasema kwamba fulani, na akamtaja kwa jina lake, ndiye aliyewaonyesha njia.

Kina mama wakaacha kupeta. Aliyetajwa ni mtu wa upande wa pili ambaye hadi leo hupita karibu na kijiji na ng'ombe wake, husalimia na husalimiwa.

Babu yake yule mvulana, aliyekuwa ameegemea mwembe, hakupandisha sauti. "Ulimwona, mjukuu wangu?"

"La, babu. Sikuwa nimezaliwa."

"Nani alimwona?"

"Watu wasema."

"Basi mpe ile *mish*. Na watu hao ukiwapata, waulize wao walimwona au nao walipewa."

Tumelifikiri sana jambo hilo tangu siku ile. Wazazi wa delta, wa pande zote, wanasimulia, na wana haki ya kusimulia. Lakini mtoto huipokea habari ya mzazi na kuitia "-li-" yake mwenyewe. Aliyeambiwa na mama, naye mama aliambiwa na jirani, naye jirani alisikia sokoni Garsen, husimama akasema "alifanya" kana kwamba alikuwako na tochi mkononi. Baada ya vizazi viwili hakuna tena anayejua ni lipi lililoonwa na lipi lililosikiwa. Siku ukame ukizidi na ng'ombe wakaingia shambani, jina lile lililotajwa bila shahidi ndilo litakalotafutwa usiku. Surat al-Hujurat, aya ya 6, imetuamuru kuchunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na sababu iliyotajwa ni majuto yanayofuata.

Huenda mtu akauliza: basi tusiseme chochote ambacho hatukukiona? Hapana. Waturuki wenyewe husema Sultani Mehmed aliifungua Istanbul mwaka 1453 kwa *di* tupu, *fethetti*, ilhali hakuna aliye hai aliyeliona jeshi lake. Habari hiyo imepokewa na wengi kutoka kwa wengi hata shaka ikaondoka. Wanavyuoni huiita mutawatir, na mfano wao mashuhuri ni wa mtu ambaye hajawahi kufika Makka lakini hana shaka kwamba Makka ipo. Kwamba Kilelengwani ilichomwa, na kwamba Riketa waliuawa watoto, ni mutawatir. Mtoto aseme "ilichomwa" na "waliuawa" bila kusita. Lakini nani alimwonyesha nani njia, nani alituma fedha, nani alicheka kesho yake, hayo ni habari za mmoja mmoja, nazo zinataka mpokezi anayejulikana na mwenye kuaminika. Mahakama zetu hudai hivyohivyo: kifungu cha 63 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinataka ushahidi wa mdomo utoke kwa aliyeona au aliyesikia mwenyewe.

Hapo ndipo tunapowashika kanzu kina mama, kwa kuwa wao ndio wasimulizi wa kwanza. Kumfundisha mtoto Kituruki si lazima. Inatosha kwamba anapoleta habari ya mtu aulizwe swali la yule babu, kila mara, hata kama habari ni ya nani aliyevunja kikombe. Na mzazi naye anaposimulia atenge: hili niliona, hili nimeambiwa na fulani, hili watu wasema tu. Itamchosha mwanzoni.

Somo liliendelea. Binti aliandika kwenye daftari *ev yandı*, nyumba iliungua, na chini yake *ev yanmış*, akamuuliza babu ipi iwe ya kwake. Mzee akasema nyumba yake mwenyewe haikuungua mbele ya macho yake. Alikuwa kwenye magugu ya mtoni na wajukuu wawili, na alipotoka alikuta majivu. Basi apewe *yanmış*. Ya jirani yake aliiona, apewe *yandı*. Kisha akataka kujua neno la kurudi, maana kurudi alirudi kwa miguu yake. Binti akamwambia: *döndük*, tulirudi. Mzee alijaribu ile ü, midomo ikakaa kama ya mtu apigaye mluzi lakini sauti ikatoka u. Wajukuu wakacheka. Akajaribu tena na tena, *döndük*, *döndük*, hadi mmoja wa watoto alipokimbizwa kwenda kuadhini Magharibi.