Mzigo wa Mwenzio

Nililelewa na nyanya yangu upande wa Siaya, si mbali na Ziwa Victoria. Ninapomkumbuka, humwona alfajiri akipanda kilima kutoka mtoni, mtungi wa lita 20 kichwani juu ya kata ya kitambaa, akisalimiana na majirani bila kumwaga hata tone.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, nilikutana maktabani na utafiti uliochapishwa mwaka 1986 katika jarida la Nature. Profesa Maloiy wa Nairobi na wenzake waliwapima wanawake wa Kiluo, wanaobeba mizigo kichwani, na wa Kikuyu, wanaobeba mgongoni kwa mkanda unaopita kwenye paji la uso. Walipima oksijeni waliyotumia wakitembea. Ilionekana kwamba mzigo wa hadi 20% ya uzito wa mwili haukuwaongezea gharama yoyote, ilhali wanajeshi waliobeba shanta walitumia oksijeni zaidi. Utafiti mwingine wa mwaka 1995 ulieleza sababu. Mtu akitembea, mwili hupanda na kushuka kama kitu kinachobembea kwenye kamba. Nguvu za kushuka husaidia kupanda tena, ila sehemu yake hupotea. Wanawake hao walipobeba mzigo, sehemu iliyopotea ilipungua.

Nilijawa na fahari. Niliandika insha nikamwita nyanya "bingwa asiyechoka", nikapata alama nzuri.

Likizo ilipofika nilimsomea. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na shingo, mjukuu wangu, waliipima?"

Nilidhani anatania. Usiku huo nilimsikia akigeuka kitandani huku akiguna. Asubuhi shangazi alinieleza kuwa nyanya alikuwa ameambiwa zahanati aache kubeba mizigo mizito, lakini hakuacha. Maji hayo aliwauzia wenye vibanda vya chai sokoni, na pesa hizo ndizo alizonitumia za nauli. Alikuwa amemkataza shangazi asiniambie.

Niliurudia utafiti ule kwa jicho jingine. Nyanya ana kilo 52, kwa hiyo 20% ya uzito wake ni kama kilo 10. Mtungi uliojaa unazidi kilo 20. Hata watafiti walisema kwamba mzigo ukipita kiwango kile, gharama huongezeka. Tena mwaka 2010, wengine waliowapima wanawake wa Kixhosa huko Afrika Kusini hawakuiona nafuu hiyo, na tofauti kati ya mwanamke na mwanamke zilikuwa kubwa. Watafiti hawakuwa wamenidanganya. Walipima pumzi, nami nikaandika kana kwamba walipima maisha.

Basi nikamshauri abebe lita 10, aende mara mbili. Alicheka. "Na hicho kilima nikipande mara mbili? Miguu nayo ni ya nani?" Nilijaribu mwenyewe. Mtungi nusu ulinimwagikia begani, na safari ya pili ilinishinda kabla ya kufika kwenye mwembe. Nimesoma mjini tangu darasa la nne. Shingo yangu haikufunzwa kazi hiyo. Hesabu ya nyanya ilikuwa sahihi kuliko yangu, isipokuwa shingo ilikuwa imechoka kuilipia.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Niliijua methali hiyo tangu shule ya msingi, na bado niliandika kurasa tatu nikiusifu wepesi wa mzigo ambao sikuwa nimeubeba.

Muhula huu nimeanza kufundisha watoto wa jirani jioni kwa malipo. Nauli najilipia. Mimi na shangazi tumenunua mifereji ya kukinga maji ya mvua kwenye paa la mabati, tangi bado. Nyanya bado huenda mtoni siku za kiangazi, ila kwa maji ya nyumbani tu, na mtungi ni wa lita 10.